Faili Lililoandikwa "Uzee"

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wakuu wa ndaki na idara, wanataaluma wenzangu, wanafunzi, na ninyi wazee wangu mliokaa viti vya mbele: shikamooni.

Nimeisikia marahaba yenu, na ndiyo nitakayoanza nayo. Katika kazi yangu marahaba ni kipimo cha kwanza, kabla ya mashine ya presha na kabla ya damu kwenda maabara. Mzee akiingia kliniki namwamkia, kisha nanyamaza. Akiitikia kabla sijamkaribia, najua masikio yake yapo. Akiikata marahaba katikati ili avute pumzi, nakwenda kuusikiliza moyo na mapafu. Binti yake akiitikia kwa niaba yake, nina maswali kwa wote wawili. Shikamoo ni adabu tuliyofunzwa nyumbani. Kwa tabibu wa wazee ni adabu inayopima.

Leo nataka kusema habari ya neno moja ambalo limewagharimu wazee wetu sana. Neno lenyewe ni "uzee", pale linapotolewa kama jibu. Mama anasahau? Ni uzee tu. Baba anajikojolea? Ni uzee tu. Hoja yangu ni kwamba umri haujawahi kuwa jina la ugonjwa, na taaluma ya kuwahudumia wazee huanza pale mtu anapokataa kuridhika na jibu hilo.

Niungame kwanza. Mwanzoni mwa kazi yangu, katika hospitali moja ya wilaya, aliletwa babu wa miaka 78 aliyekuwa ameanguka mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mjukuu wake wa kike alimleta kwa bodaboda. Nilimpima presha akiwa amekaa, nikapata 150 kwa 90, nikamwongezea kidonge. Palipohitaji sababu ya kuanguka, niliandika neno moja: uzee. Nikafunga faili, nikaita anayefuata.

Alirudi baada ya wiki mbili, kifundo cha mkono kimevunjika. Muuguzi wa zamu, mama aliyekuwa anakaribia kustaafu, alimwomba asimame taratibu, akamfunga tena mkanda wa presha kwenye mkono mzima. Ikasoma 100 kwa 60. Kisha akamwambia mjukuu afungue kitambaa alichokibana kwapani. Mezani zikamwagika dawa za aina saba. Mbili zilikuwa dawa ileile ya presha yenye majina mawili tofauti ya kiwandani, moja ya hospitali na nyingine ya duka la dawa. Moja ilikuwa ya usingizi, zawadi ya jirani. Na moja ilikuwa yangu.

Babu yule aliangushwa na dawa zetu. Kila aliposimama presha ilishuka, damu ikachelewa kufika kichwani, akapepesuka. Kosa langu halikuwa kutokujua. Niliwahi kufundishwa jambo hilo. Kosa lilikuwa kuandika neno lililonifanya niache kuuliza.

Waasisi wa taaluma hii walipambana na neno hilohilo. Mwaka 1909 Ignatz Nascher, daktari mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi New York, ndiye aliyeipa tiba hii jina lake la kitaalamu, akiliunda kwa Kigiriki kutokana na maneno ya uzee na utabibu. Inasimuliwa kwamba akiwa mwanafunzi alimwona bibi mmoja katika nyumba ya maskini akilia maumivu. Mwalimu wake akasema bibi anaumwa uzee, na hakuna la kufanya. Mwaka 1935 Marjory Warren, daktari wa hospitali ya West Middlesex magharibi mwa London, alikabidhiwa wodi zilizojaa mamia ya wazee waliolala tu, wengi bila kupimwa ipasavyo. Alimchunguza mmoja mmoja. Wanaoweza kukaa wakakalishwa, wanaoweza kusimama wakasimamishwa, wodi zikapakwa rangi na kuwekewa mwanga. Wengi waliodhaniwa watafia pale walirudi makwao. Warren hakuwa na dawa mpya. Alikuwa na maswali.

Kwa nini maswali yawe muhimu hivyo? Kwa sababu ugonjwa kwa mzee hubisha hodi mlango mwingine. Kijana mwenye nimonia atakuja na homa na kikohozi. Bibi yake mwenye nimonia ileile aweza kuja bila homa, ila tangu jana hali na hamtambui mwanawe. Maambukizi ya mkojo huweza kujitokeza kama kuchanganyikiwa. Hata mshtuko wa moyo waweza kumjia mzee bila maumivu ya kifua. Wanafunzi wangu, shikeni kanuni hii: akili iliyovurugika ghafla, kwa saa au siku, ni dharura. Tafuteni maambukizi, upungufu wa maji, dawa, mkojo uliokwama. Usahaulifu unaonyemelea kwa miezi na miaka ni jambo jingine, nao pia una jina.

Jina hilo ni dimenshia, na tusidhani ni maradhi ya Ulaya. Hapa nchini, wilayani Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini mwaka 2009 na 2010, wakawachunguza karibu watu 1,200 wenye miaka 70 na zaidi. Takriban asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Kazi hiyo ilizaa pia kipimo ninachokipenda sana. Vipimo vya kawaida humtaka mtu aandike sentensi na kuchora maumbo. Mama ambaye hakupelekwa shule hufeli kabla hajaanza, na tukadhani ubongo umechoka kumbe ni kalamu isiyomzoea. Watafiti wa Hai wakatumia njiti za kiberiti: unapanga umbo, naye anapanga lake kama ulivyopanga. Unamwuliza daraja ni nini. Unamwomba ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Nimewaona akina mama wa miaka 80 wakiinamia njiti zile kwa umakini wa fundi. Kipimo kimewafuata walipo.

Kulipa jambo jina lake kunaweza kuokoa roho. Sote tunajua yaliyowapata vikongwe katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa, waliouawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yaliyopikia kuni na samadi miaka 50 yatakosaje kuwa mekundu? Na bibi anayetoka nje usiku na kuongea na marehemu mumewe, jirani akikosa neno dimenshia, atatafuta neno lingine.

Serikali zetu zimepiga hatua. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na Sera ya Afya ya 2007 ilitaka wazee wasiojiweza watibiwe bure. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikisha miaka 70. Hospitali zimefungua madirisha ya wazee. Nayaheshimu madirisha hayo, lakini dirisha hufupisha foleni tu. Mzee akishapita dirishani, mara nyingi hukutana na tabibu kama nilivyokuwa mimi: ana haraka, ana huruma, na hakufunzwa kumpima mtu akiwa amesimama.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Makamu Mkuu, naomba mambo mawili. La kwanza, kila mwanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia akabidhiwe mzee mmoja, amtembelee nyumbani kwake mwaka mzima. Akifungue kile kitambaa cha dawa. Aone choo kiko umbali gani na kitanda, na nani anabeba maji ya kuoga. La pili, tuwafungulie milango wanaotunza wazee hasa. Hao ni mabinti, wakwe, wajukuu na wasaidizi wa nyumbani. Binti anayemgeuza mama yake kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala anafanya kazi ya wodi nzima, usiku, peke yake, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kumwinua asijiumize mgongo. Kozi ya siku chache ingembadilishia maisha.

Nimrudie babu yangu. Tulipopunguza dawa zake, yule mama muuguzi alivuta kigoda, akaketi chini ya usawa wa macho yake, akamwuliza, "Babu, ungependa uweze kufanya nini?" Nilitarajia aseme kwenda shambani, au kanisani. Alifikiri, akasema anataka kwenda chooni usiku mwenyewe, bila kumwamsha mjukuu, kwani mtoto ana mitihani.

Tulimpatia fimbo yenye kiatu cha mpira na tochi. Tulimfundisha kukaa ukingoni mwa kitanda kwanza, miguu ikigusa chini, kabla ya kusimama. Mjukuu alifunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, babu akawa anaifuata kwa mkono.

Lugha yetu ina jina jingine la umri huo: utu uzima. Waliolibuni walimwona mzee kuwa mtu aliyetimia. Jioni ile nililitoa faili, nikaukata kwa mstari ule "uzee" wangu, nikaandika pembeni: presha hushuka akisimama, dawa zilizidi, anataka aende chooni mwenyewe usiku. Ndiyo sentensi ya kwanza ya kitaaluma niliyoiandika, na zote zilizofuata zimetoka humo.