Bibi, Baba na Adabu ya Mtoto Nshamba

Adabu ya mtoto haina sura moja katika kaya za Nshamba, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Mama anaweza kuwa Mhaya, baba Mzinza au Msukuma, na mlezi wa kila siku ni bibi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na vifo vilivyofuata viliwaachia mabibi wengi wajukuu. Ndiyo sababu Nshamba ikapata Humuliza, shirika la kuwafariji yatima, na mwaka 2003 Kwa Wazee, lililoanza kuwapa wazee pensheni.

Bibi wa Kihaya hutarajia mjukuu wa kike apige magoti anapomwamkia mkubwa. Binti aliyekulia mjini hutoa shikamoo akiwa amesimama, akahesabiwa mkaidi, kumbe hajafundishwa tu. Kwa hiyo mafunzo mazuri ya malezi huanza na watu wazima: kila mmoja aeleze anachokiita adabu, kisha wakubaliane kanuni mbili au tatu ambazo wote watazisimamia.

Baada ya hapo huja sifa, na iwe ya jambo mahususi. “Umewafunga mbuzi kabla ya giza, asante” humwonyesha mtoto cha kurudia. Akikosea, matokeo yahusiane na kosa: aliyesahau kuchota maji huyachota kabla ya kwenda kucheza, wala hanyimwi chakula.

Fimbo ni mazoea mazito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania walipigwa au kuumizwa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka huohuo haikufuta kila kipigo, ila inakataza adhabu inayozidi umri na hali ya mtoto. Mtoto anayechapwa kwa kuacha mbuzi waingie kwenye migomba hujifunza haraka kusema kwamba si yeye aliyewaacha.

Kwa yatima kuna jambo la kutazamwa kwa huruma zaidi. Kununa, kukojoa kitandani au kudokoa sukari kunaweza kuwa dalili ya msiba ambao mtoto hajapata wa kumwambia. Bibi akikaa naye jioni wakimenya ndizi, akimsimulia habari za marehemu mama yake, mara nyingi humtuliza zaidi kuliko karipio.

Kanuni za pamoja hupimwa baba anayevua katika visiwa vya ziwani akirudi: mtoto humwendea kuomba ruhusa aliyonyimwa nyumbani. Jibu la baba aliyefundwa ni swali: “Bibi amesemaje?”