Majumba Yaliyobaki Katika Karatasi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa skuli, Pemba)





Kamati imenitaka niseme machache juu ya jambo ninalolifanya nje ya saa za kazi. Wengi wenu mnanijua kuwa ni mtu wa mafaili, na wako wanaonicheka kwamba nashinda na karatasi afisini kutwa, na nikirudi nyumbani nakamata karatasi nyengine. Ni kweli. Lakini karatasi za nyumbani ni picha: picha za chapa, kadi za posta na ramani za kale zinazoonyesha miji na majumba ya visiwa vyetu. Nitaeleza picha hizi ni nini na zinasomwa vipi, kisha nitasema kwa nini naona jambo hili linatuhusu sana sisi tuliotoka Pemba.

Kazi ya kukusanya picha za miji ni kongwe huko Ulaya. Uingereza, karibu kila mji una picha zake za chapa, na wapo watu wanaotafuta maisha yao yote picha za mji mmoja tu waliozaliwa. Katika karne ya 18 ndugu wawili, Samuel na Nathaniel Buck, walizunguka nchi hiyo kwa miaka mingi wakachora ngome na makanisa mabovu kwa mamia, na mandhari ya miji zaidi ya 80. Kabla yao alikuwapo Wenceslaus Hollar, mzaliwa wa Prague, ambaye picha yake ndefu ya London ilitoka mwaka 1647. Hollar alichora pia kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, nje na ndani, kwa kitabu kilichotoka mwaka 1658. Miaka minane baadaye, mwaka 1666, moto mkubwa uliunguza London na kanisa lile pamoja nayo. Leo mtu akitaka kujua lilikuwaje, hurejea karatasi za Hollar. Yeye hakujua kwamba moto unakuja. Alichora kilichokuwapo, basi.

Kwetu pwani picha za namna hii zilianza kupatikana kwa wingi katika karne ya 19. Nahodha Mfaransa Charles Guillain alipita pwani yetu kati ya 1846 na 1848, na kitabu chake kilichotoka Paris miaka ya 1850 kilifuatana na albamu ya picha zilizochapwa kwa jiwe. Halafu yakaja magazeti ya picha ya London: Illustrated London News lililoanza mwaka 1842, na The Graphic lililoanza mwaka 1869. Mtu huku alichora kwa penseli, mchoro ukasafirishwa kwa meli, na kule mafundi wakauchonga juu ya vipande vya mti mgumu. Picha ikiwa kubwa, vipande vilifungwa pamoja na kila fundi akapewa chake. Ukiitazama vizuri picha ya gazeti la zama zile, mara nyengine utauona mstari mwembamba pale vipande vilipokutana.

Mwisho wa karne hiyo kamera ilishika kazi. Mjini Unguja walikuwapo wapiga picha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho na Pereira de Lord, na kadi za posta zenye picha zao zilikwenda dunia nzima. Kwa mkusanyaji kadi ni nzuri kwa sababu ina nyuso mbili. Tazama mgongo wake. Zamani upande ule ulikuwa wa anwani peke yake, na salamu ziliandikwa mbele, pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 mgongo ugawiwe sehemu mbili, na nchi nyengine zikafuata. Kwa hiyo mstari mmoja katikati ya kadi unaweza kukupa umri wake hata kama haina tarehe.

Hapo ndipo kazi yangu ya afisini inaponisaidia. Faili halisomwi kwa kuangalia barua ya juu tu. Unauliza: nani kaandika, lini, kwa ajili ya nani, na nini hakukisema? Picha nayo isomwe hivyo hivyo. Mchongaji wa London aliyekuwa hajaiona Unguja aliweza kupanda minazi pasipokuwa na mnazi, na kuunyanyua mlima pahala pa tambarare. Kwa hiyo naiamini picha pale tu inapokubaliana na ushahidi mwengine.

Nitoe mfano. Beit al Ajaib lilijengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash. Ukiona picha ambayo mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, ukingoni mwa bahari, jua imetoka kabla ya tarehe 27 Agosti 1896. Siku hiyo manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa muda usiotimia saa moja. Mnara ule uliharibika na Beit al Hukm likabomoka. Mnara wa saa uliokuja kujulikana na sote, ulioungana na uso wa Beit al Ajaib, ulijengwa baada ya hapo. Basi kwa kutazama mnara tu unaweza kuzipanga picha mafungu mawili.

Nao mnara huo wa pili tumeuona ukianguka. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jumba iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Nakumbuka nilikwenda kwenye kabati langu usiku ule nikazitoa picha zake zote nikazipanga mezani. Safu za nguzo, roshani, vyuma vya ukingo, vyote vimo. Anayetaka kulirejesha jumba kama lile namna lilivyokuwa hana budi kuanzia kwenye picha za aina hiyo. Namshukuru kila aliyesimama pale na kamera yake, hata yule aliyekuwa akitafuta kadi ya kumpelekea mamake.

Sasa nije Pemba, ndugu zangu, maana huku ndiko niliko na deni.

Picha za mji wa Unguja ni nyingi. Za Pemba ni chache mno. Nimetafuta kwa miaka mingi picha ya chapa ya Chake Chake iliyochorwa kabla ya zama za kamera, na mpaka leo sijaipata hata moja. Sababu si ngumu. Meli kubwa zilitia nanga Unguja. Makonsuli, wafanyabiashara na wageni wenye kuchora walikaa Unguja. Kisiwa chetu kimezungukwa na miamba na mikoko, na maji yakitoka, hori la Chake Chake halipitiki ila kwa mtumbwi. Hata kimbunga cha mwaka 1872, kilichong'oa mikarafuu ya Unguja kikaiacha yetu mingi imesimama, kilitufanya tujulikane kwa magunia ya karafuu. Nyumba zetu hazikumshughulisha mtu.

Walioandika juu ya Pemba na kuweka picha wanahesabika. Kapteni Craster, aliyekuja kupima kisiwa, alitoa kitabu chake mwaka 1913. Pearce, aliyekuwa Mkaazi wa Kiingereza Zanzibar, alitoa chake mwaka 1920, na humo akayapa nafasi magofu yetu. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini wageni wale walipenda magofu: Pujini ya Mkama Ndume, Ras Mkumbuu na makaburi yake ya nguzo, Chwaka ya Tumbe. Njia ya maduka ya Wete, baraza za Chake Chake, gati ya Mkoani, hayo waliyapita. Hata ngome ya Chake Chake, ambayo leo ni jumba la makumbusho, ni kipande tu cha ngome iliyokuwapo. Sehemu kubwa ilivunjwa kupisha hospitali.

Basi picha za Pemba ziko wapi? Ziko katika masanduku ya wazee wetu. Ziko na jamaa waliohama kufuatia Mapinduzi ya 1964, wakaondoka na albamu zao kwenda Mombasa, Dar es Salaam, Muscat na London. Harusi, maulidi, timu ya mpira: mpiga picha alikusudia watu, lakini nyuma yao imesimama nyumba, na nyumba ile haipo tena.

Miaka michache nyuma bibi mmoja wa Wete aliniazima picha kama hiyo. Vijana sita wamesimama njiani wamevaa kanzu, na nyuma yao safu ya maduka yenye milango ya mbao. Niliichukua nikaenda nayo barazani kwa wazee wanne. Kwanza hawakusema kitu. Kisha mmoja akaweka kidole: "Hapa ndipo alipokuwa akiuza kahawa baba yangu." Baada ya hapo hakukuwa na kunyamaza. Walinitajia duka moja moja, mwenyewe nani, akiuza nini, alihama lini. Niliandika kurasa saba. Wazee wawili kati ya wale wanne wameshafariki, Mungu awarehemu. Ningechelewa kidogo, ningebaki na picha nzuri ya milango isiyokuwa na wenyewe.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Picha ni nusu ya ushahidi, na nusu ya pili imo vichwani mwa watu ambao hawatatungoja. London ilimpata Hollar kabla ya moto. Sisi hatukumpata mtu wa namna hiyo, kwa hiyo hatuna budi kuifanya kazi yake wenyewe, na tuifanye sasa.

Kwa wanaotaka kuanza, nina nasaha chache.

Kwanza, si lazima uwe tajiri. Nakala nzuri yenye maelezo kamili ina faida kuliko picha ya asili isiyojulikana ni ya wapi. Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, zinafaa sana kwa mwenye subira.

Pili, ukitaka kununua picha ya chapa, chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vidogo vidogo vilivyopangwa sawasawa, hiyo imetolewa kwa mashine kutoka kwenye fotografu, si mchongo wa kale. Picha iliyochapwa kwa bamba la shaba kwa kawaida huacha alama ya kubonyea pembezoni mwa karatasi. Rangi nazo zisikudanganye. Kurasa za magazeti yale ya London zilitoka nyeusi, na rangi nyingi uzionazo zimetiwa baadaye na wauzaji.

Tatu, usinunue ukurasa uliochanwa kitabuni jana, wala usichane wewe. Kitabu kizima ni shahidi. Kikichanwa huwa uchafu.

Nne, hifadhi. Pemba ina mvua na unyevu, na mchwa hawalali. Usiweke picha juu ya ukuta unaopigwa na jua. Usitumie gundi wala utepe wa plastiki. Andika nyuma kwa penseli laini: pahala, mwaka, majina, na nani aliyekwambia.

Mwisho, naomba jambo moja kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu. Kila darasa lichukue njia moja au jengo moja la Chake Chake, Wete, Mkoani au kijijini kwao. Vijana mna simu zenye kamera ambazo Guillain angezionea wivu. Pigeni picha, lakini msiishie hapo: mpelekeeni mzee, mkae, mwandike. Nakala moja ibaki maktaba ya skuli, nyengine ipelekwe makumbusho. Mimi nitaanza kwa kutoa nakala za picha zangu zote za Pemba, pamoja na zile kurasa saba. Hazijai hata kasha moja dogo. Wenzangu wa zamani mlioko Unguja, Bara na ng'ambo, fungueni masanduku ya wazee wenu mtusaidie kulijaza.