Habari za Kijiji ni Mali ya Wanakijiji

(Mazungumzo kwa wananchi wa Muze, Bonde la Ziwa Rukwa)



Serikali iliyo karibu kabisa na mwananchi si ile ya Dodoma, wala ya mkoa, wala ya wilaya. Ni serikali ya kijiji chake. Hiyo ndiyo inayojua kisima kipi kimekauka, kivuko kipi kimebebwa na maji, na mtoto yupi hajaandikishwa shule. Kwa hiyo mwananchi asiyejua yanayoamuliwa katika kijiji chake hawezi kusema kwamba anajitawala, hata kama anasikiliza redio asubuhi na jioni na kuyajua mambo ya ulimwengu mzima.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Muze. Muze iko chini ya Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaotenganisha nyanda za juu za Ufipa na Bonde la Ziwa Rukwa. Juu kuna baridi, mahindi, maharage na ulezi. Chini kuna joto, mpunga, ufuta, samaki na ng'ombe. Mtu anayetoka mjini Sumbawanga kwenda kando ya ziwa huteremka kiasi cha mita 1,000. Njia yake ni ile barabara ya Ntendo, Muze hadi Kilyamatundu, na kila msafiri wa bonde anajua maana ya mlima wakati wa masika. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga yako Laela. Mkulima wa Muze mwenye haja huko hana budi kwanza kuupanda ukuta wa Ufipa, halafu ashike barabara ya kwenda Tunduma. Ni nauli, ni chakula cha njiani, ni siku zilizopotea shambani.

Maana yake ni dhahiri. Habari isipoteremshwa bondeni, si wengi watakaopanda kuifuata. Na pale ambapo habari ya kweli haifiki, uvumi hufika. Mnadani watu watasema ushuru umepanda. Msibani watasema fedha za zahanati zimeliwa. Kilabuni watasema shamba la kijiji limeuzwa. Huenda yote ni uongo, na huenda moja kati ya hayo ni kweli. Lakini kijiji ambacho hakiambiwi jambo hakina njia ya kutenga kweli na uongo, na hapo ndipo kiongozi mwaminifu anapochukiwa bure na mwizi anapojificha katikati ya kelele.

Taifa limekwisha kujifunza somo hili kwa gharama kubwa. Baada ya Uhuru, halmashauri za wilaya zilipewa kazi nyingi kuliko fedha na wataalamu zilizokuwa nao. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri hizo zilivunjwa. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kuwashusha wataalamu kutoka Dar es Salaam hadi mikoani na wilayani, karibu na wananchi. Mwaka uliotangulia, Mwongozo wa TANU ulikuwa umekwisha kusema kwamba maendeleo ya watu hayawezi kupangwa bila watu wenyewe kushiriki. Lakini mambo yalivyokwenda, walioteremka walikuwa watumishi. Wawakilishi waliochaguliwa na wananchi wakabaki bila baraza lenye nguvu. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ikavipa vijiji halmashauri zake.

Wazee waliohamishwa wakati huo wanajua kilichotokea. Mahali ambapo watu walielezwa, wakauliza, wakajibiwa, kijiji kilisimama. Mahali ambapo watu walipakiwa katika malori bila maelezo, nyumba zilijengwa lakini moyo ulibaki kwenye mahame. Halmashauri zilirudishwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, na zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzivunja serikali za mitaa lilikuwa kosa, na kwamba kama angeanza upya asingelifanya. Kiongozi wa kimo chake aliposema maneno hayo mbele ya ulimwengu, hakuna mwenyekiti wa kijiji anayepungukiwa heshima kwa kuwaambia watu wake, "Hapa tulikosea."

Sheria hiyo ya mwaka 1982 inasema wazi nani ni mkubwa kijijini. Si mwenyekiti, wala si ofisa mtendaji. Ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, inatekeleza. Mkutano Mkuu ndio unaoamua mwelekeo. Mkutano huo hauna budi kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ambayo ni mara 4 kwa mwaka. Huitishwi kwa hisani ya mtu. Ni haki, kama ilivyo haki kupiga kura.

Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeongeza uzito. Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, lakini haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu. Katika Bonde la Ziwa Rukwa jambo hili si la vitabuni. Bonde hili limepokea wafugaji na makundi ya ng'ombe kutoka mikoa mingine, na jembe na fimbo ya mchungaji vinagombea maji na majani yale yale. Mpaka wa malisho ukipangwa hadharani, mkulima na mfugaji wote wakiwapo, utaheshimiwa. Ukipangwa na watu wanne usiku, utazaa ugomvi, na ugomvi wa mpaka hauchagui kabila la kumwagia damu.

Basi ni habari gani zinazopaswa kusomwa mkutanoni? Kwanza, mapato na matumizi: kiasi kilichoingia, kilikotoka, kilichotumika na kilichobaki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lisomwe kwa sauti, kisha karatasi yake ibandikwe mahali ambapo hata mpita njia ataiona. Pili, ahadi za mkutano uliopita: lipi limetimizwa, lipi halijatimizwa, na kwa nini. Tatu, yaliyoamuliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata na Baraza la Madiwani. Diwani asiyerudi kueleza aliyoyasikia amefanya nusu ya kazi. Nne, mambo ya afya, shule na maji.

Hili la mwisho lisichukuliwe kwa wepesi. Mwaka 2018 kipindupindu kiliingia katika vijiji vya bonde hili. Kipindupindu ni ugonjwa wa maji machafu na vyoo vibovu, lakini pia ni ugonjwa wa habari iliyochelewa. Mgonjwa wa kwanza akijulikana mapema, na kitongoji kikaambiwa siku hiyo hiyo kuchemsha maji na kutokwenda kuchota mtoni, watu wengi hupona. Habari ikikaa siku tatu mezani ikisubiri muhuri, ugonjwa hausubiri. Hapo mbao za matangazo na mkutano wa kitongoji ni dawa kama chumvi ya maji ya kunywa.

Zipo lawama za pande mbili, na haki ni kuzisema zote. Viongozi husema, "Mikutano tunaitisha, watu hawaji." Wananchi hujibu, "Tukija tunasomewa mambo yaliyokwisha kuamuliwa." Kila upande una ukweli wake. Mkutano ukiitishwa katikati ya palizi au siku ya mnada, watu hawatakuja. Ukiitishwa kwa tarehe inayojulikana tangu mapema, saa ambayo akina mama wamemaliza kazi za nyumbani, na ajenda ikatangazwa kabla, watakuja. Wala haitoshi akina mama kujaza viti vya nyuma wakiwa kimya. Wao ndio wanaochota maji na kupeleka watoto zahanati, nao ndio mashahidi wa kwanza wa kila upungufu. Kwa upande wake, mwananchi anayekaa nyumbani siku ya mkutano na kulalamika siku ya pili anawaachia wachache uamuzi wa wengi.

Tarehe 27 Novemba 2024 vijiji vyote vya Tanzania Bara vilichagua viongozi kwa muda wa miaka 5. Kura ya siku moja haiwezi kulinda kijiji kwa miaka yote hiyo. Wajibu wa Chama ni mzito zaidi hapa, kwa sababu viongozi wengi walisimama kwa jina lake. Tawi la Chama lisiwe ngao ya kiongozi anayekwepa maswali. Liwe la kwanza kumwuliza tarehe ya mkutano ujao. Anayeuliza hesabu si adui wa Chama wala wa Serikali. Adui ni yule anayetaka hesabu isiulizwe.

Muze inakua. Maduka yanaongezeka, mazao ya bonde yanapanda mlima, na watu wa kila upande wanakuja kutafuta riziki. Kadiri mahali panavyokua ndivyo majirani wanavyoacha kujuana, na ndivyo mkutano wa wazi unavyozidi kuhitajika. Ukuta wa Lyamba lya Mfipa uliwekwa na Mwenyezi Mungu, wala hakuna wa kuulaumu. Ukuta kati ya ofisi ya kijiji na wanakijiji hujengwa na watu, na watu hao hao wanaweza kuubomoa. Kazi hiyo ianze kwa swali moja, lililo haki ya kila mkazi: Mkutano Mkuu ujao ni lini?