Waratibu wa Sanaa na Kahawa ya Butura

Ifuatayo ni hotuba ya waratibu wa vikundi vya sanaa za jamii vya Karagwe na Kyerwa, iliyosomwa mbele ya kamati ya maendeleo mjini Kayanga.



Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetufikisha hapa salama, hasa wenzetu waliotoka Murongo na Kaisho. Anayeijua barabara ile wakati wa mvua anajua tunashukuru nini.

Tumeombwa tuzungumzie mafanikio na changamoto. Idadi ya maonyesho na ya watazamaji mtaiona kwenye taarifa mliyogawiwa, na kwa kweli idadi hiyo haituambii mengi. Tunaomba tuwaeleze kazi yenyewe, na jambo moja lililotupata ambalo hatukuweza kuliandika kwenye fomu ya robo mwaka.

Waratibu tuko wanne. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, wa pili ni mama mkulima anayefundisha ngoma, wa tatu ni kijana wa bodaboda, wa nne ni mzee wetu mpiga enanga. Hakuna kati yetu aliyesoma Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mazoezi yetu ni Jumapili baada ya ibada, kwa Kinyambo kilichochanganyika na Kiswahili, na wachezaji wakipungua tunaingia wenyewe. Mwalimu ameigiza bibi kizee mara nyingi hata watoto wa shule wanamwita "Bibi" anapogeuka kuandika ubaoni.

Wengi wanatuona kama kipaza sauti. Mradi wa migomba ukija, tunaambiwa tuimbe mnyauko. Mradi wa vyandarua ukija, tunaimba mbu. Ujumbe huja umeshaandikwa, sisi tunatafuta ngoma ya kuuvalisha. Hatudharau kazi hiyo. Mkoa wetu unajua thamani yake, kwani hapa Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mwaka 1983, na washairi wa enanga waliutafutia ugonjwa ule maneno yao wenyewe. Profesa Aldin Mutembei aliliandikia jambo hilo kitabu kilichotoka mwaka 2001, akionyesha jinsi lugha ya washairi wa Kihaya ilivyobadilika kadiri watu walivyouelewa ugonjwa. Hawakukaririshwa na mtu. Waliona, wakatunga.

Njia hiyo si ngeni Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando Mlama, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, bila igizo mkononi. Walikaa kwanza na wanakijiji, wakauliza nini kinawasumbua, ndipo igizo likajengwa kwa ngoma za pale pale, ikiwemo wigashe ambayo Wasukuma huicheza wakiwa wameketi. Baada ya onyesho watu walijadiliana. Mwalimu wetu alisoma habari hiyo, akatuambia, "Sisi tunaanzia mwisho."

Basi tukajaribu kuanzia mwanzo. Katika kijiji kimoja upande wa Nkwenda tulizunguka wiki mbili, nyumba kwa nyumba, kabla ya kushika ngoma. Tuliuliza swali moja: ni jambo gani hapa linazungumzwa jikoni lakini halizungumzwi mkutanoni? Jibu lilirudi lile lile: butura.

Kwa wageni wetu, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini. Mtu ana shida ya haraka, anachukua fedha kwa tajiri kwa bei ndogo, na msimu wa mavuno ukifika tajiri anabeba magunia. Serikali imeikataza mara nyingi. Chama kikuu chetu cha ushirika, KDCU, kipo tangu mwaka 1990 ili mkulima auze pamoja na wenzake. Lakini aliyeuza maua hana cha kupeleka kwenye chama cha msingi hata bei ikipanda. Anabaki kupalilia shamba la mwingine huku hati ni yake.

Hapo ndipo shida yetu ilipoanza. Mmoja wa wanunuzi wa butura katika eneo lile ni mzee wa kanisa, na lori lililokuwa likibeba ngoma zetu bure ni lake. Tulikaa usiku mzima tukibishana. Kijana wetu alisema tuigize bila woga. Mama alisema, "Lori likikosekana, nani atabeba ngoma? Wewe na pikipiki yako?" Mwisho tulikwenda kwa mzee yule mchana, tukamweleza igizo litahusu nini. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema atakuja kutazama. Na alikuja, akaketi mstari wa mbele.

Igizo letu lilikuwa la mume mlevi anayeuza maua ya kahawa kwa siri ili anywe rubisi, mke akalia, watoto wakafukuzwa shule. Watu walicheka, wakapiga makofi. Tulipouliza maoni, mama mmoja wa makamo alisimama nyuma. Alisema, "Mmemsingizia mume wangu. Aliyeuza ni mimi." Mtoto wake alikuwa amezidiwa usiku, gari la kwenda hospitali lilitaka fedha, mume alikuwa safarini. Aligonga milango mitatu. Uliofunguka ni wa tajiri.

Uwanja ulitulia. Tunakiri mbele yenu kwamba hatukuwa na mstari wa kumjibu. Wiki mbili za kuuliza, na bado tulikuwa tumeandika hadithi tuliyoijua sisi. Mzee wa enanga ndiye aliyetuokoa. Alianza kupiga taratibu, akaimba habari ya yule mama kama alivyoisikia dakika ile, mlango kwa mlango. Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyewachunguza waimbaji hawa wa enanga, alieleza kwamba hutunga papo hapo mbele ya wasikilizaji. Siku ile tuliona kwa macho. Alipofika kwenye mlango wa tatu aliacha kuimba, akauliza, "Ile miwili ya kwanza ilikuwa ya nani?"

Mjadala uliofuata ulikwenda hadi giza. Wapo waliosema mlango mmoja ulikuwa wa jirani aliye mwekahazina wa VICOBA, lakini fedha zilikuwa sandukuni, na wenye funguo ni watatu. Mzee wa lori naye alizungumza. Hakuomba msamaha, na hatutadanganya hapa kwamba ameacha butura. Ila alitaja mbele ya watu bei anayonunulia, jambo ambalo halijawahi kutajwa hadharani. Baadaye kikundi kile cha VICOBA kilitenga mfuko wa dharura unaokaa kwa mtu mmoja aliye karibu na barabara, kwa ajili ya ugonjwa wa usiku tu.

Tulilibadilisha igizo. Mume mlevi tulimtoa, ingawa watu walimpenda.

Ndugu Mwenyekiti, hatukuja kuomba ngoma mpya wala sare. Tunaomba mambo matatu. Mtupe wiki mbili za kuuliza kabla ya kila igizo, na posho ya chakula kwa siku hizo, kwani kijana wetu akiacha bodaboda nyumbani kwake hawali. Mturuhusu kuleta kwenu mada zilizotoka vijijini, hata zikiwagusa watu wetu wa kanisani. Na mzee wa enanga apewe vijana wawili wa kufundishwa, kwa malipo, maana mikono yake imeanza kutetemeka na wanaojua kuipiga kijijini kwake amebaki yeye.

Kamati ikiridhia, Jumatatu tunaanza kuzunguka Kaisho. Lori tutakodi.