Injini Ndogo za Eropleni za Mfano

Leo tusome habari za injini za eropleni za mfano, zile ndogo zirushwazo kwa mchezo. Brown Junior, injini ya Marekani ya miaka ya 1930, iliwasha petroli kwa cheche. Kwa hiyo eropleni ilibeba betri na koili, mzigo mkubwa kwa mbawa za mti mwepesi! Mwaka 1947 Ray Arden alileta plagi yenye waya wa platinamu. Betri huupasha waya moto, kisha huondolewa. Waya hubaki mwekundu kwa moto wa spiriti ndani ya injini. Basi wengi waling'oa pointi na koili, wakatupa. Ukiikuta injini kuukuu, tazama nyuma ya pangaboi: je, pointi zingalipo? Zikiwapo, umepata kitu adimu. Haya, andikeni: cheche.