KIATU CHA KWATO
Maneno kwa wenye ng'ombe wa kuvuta

Ninyi ni wakubwa wangu, lakini naomba mnisikilize kidogo juu ya kwato. Ng'ombe wa kuvuta gari akichechemea, mihogo na samaki hukaa nyumbani, na siku ya soko la wachimbaji hupita bure.

Katika nchi nyingine watu huwavika farasi viatu vya mpira au vya ngozi, mawe yasile kwato zao. Kwetu farasi ni shida kuwafuga, kwa kuwa mbung'o huwaletea ugonjwa wa nagana. Mwenzetu wa kazi ni ng'ombe. Kwato ya farasi ni moja, ya ng'ombe imepasuka vidole viwili. Kwa hiyo kiatu cha farasi hakimfai. Lakini ng'ombe aliyeumia naye huweza kutengenezewa kiatu chake.

Kwanza, tafuta sababu. Mfunge ng'ombe kwenye mti, mtu mwenye nguvu ashike kichwa, nawe uinue mguu kwa kamba. Osha kwato, tazama chini na kati ya vidole: pengine kuna jiwe, mwiba, msumari au kipande cha waya. Gusa kwa mkono: kwato yenye moto kuliko nyingine ni gonjwa. Ukiona usaha, au mguu umevimba, mwite mganga wa nyama. Usifunge kiatu juu ya usaha. Ni kama kufunika moto kwa majani makavu.

Kwa kuwa ng'ombe ana vidole viwili, mganga wa nyama huweza kubandika kibao chini ya kidole kizima, ili kile kigonjwa kisikanyage chini.

Pili, shona kiatu. Simamisha mguu juu ya jani la ndizi, chora kwa mkaa kuzunguka kwato. Kata wayo katika mpira wa zamani wa gurudumu la motokari. Shonea juu yake gunia la mikunjo miwili, liwe kama mfuko. Nyuma, penye kisigino, tia kitambaa safi na laini. Fungia ukanda wenye upana wa vidole vitatu. Usifunge kwa waya wala kwa uzi mwembamba, maana hukata nyama na kuzuia damu. Kidole chako kimoja kiweze kupita chini ya ukanda.

Tatu, mzoeze. Siku ya kwanza atembee uani tu, bila nira. Kisha fungua utazame: manyoya yakiwa yamesuguliwa, ongeza kitambaa au legeza ukanda.

Nne, vua kiatu kila jioni. Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi. Sisi tunakaa kando ya Lualaba, na wakati wa mvua udongo ni maji. Kiatu chenye maji ndani hulainisha kwato, nayo huoza. Kioshe, kianike juani, na ng'ombe alale pakavu. Penye matope mengi usimvike kabisa, mwache apumzike.

Ngozi ya kati ya vidole ikianza kuoza, mwulize mganga wa nyama juu ya mrututu, ile dawa ya buluu itokanayo na shaba. Kipimo cha kuoshea kwato ni gramu 50 katika lita 1 ya maji. Lakini mrututu ni sumu: mtoto asionje, mbuzi na kondoo wasinywe. Maji yake yakiisha kazi usiyamwage mtoni, maana yanaua samaki; chimba shimo mbali na kisima.

Mtu atauliza, «Kazi hii yote kwa mguu mmoja?» Ndiyo. Ng'ombe mwenye miguu mitatu havuti gari, na fimbo haimponyi. Ukimpiga aende na jiwe ndani ya kwato, leo utafika sokoni, lakini kesho utamchinja.

Basi kesho asubuhi, kabla ya kufunga nira, inua miguu yote minne, mmoja mmoja, utazame. Fanya hivyo kila siku ya kazi. Ng'ombe asiye na jeraha hahitaji kiatu. Ndiyo maneno yangu.