Siri ya Wawili: Ridhaa na Usiri katika Kuchapisha Tafiti za Unyumba na Ushauri wa Wanandoa



Nimeombwa nizungumzie uchapishaji wa kitaaluma katika tafiti za unyumba na tiba ya wanandoa. Ningeweza kuimaliza asubuhi hii kwa habari za kuchagua jarida, ada za kuchapisha na namna ya kuwajibu wahakiki. Hayo yana miongozo yake, na wenzangu watayagusa mchana. Mimi nitashika jambo moja tu. Kanuni za usiri tunazozifuata tunapochapisha ziliwekwa zikimfikiria mgonjwa mmoja aliyekaa mbele ya daktari mmoja. Ndoa ina watu wawili. Kanuni hizo humficha mshiriki asijulikane na msomaji wa mbali, kisha zikamwacha wazi kabisa kwa msomaji anayelala naye chumba kimoja.

Majarida na desturi ya kuficha

Fani hii ilipata majarida yake kwa taabu. Magnus Hirschfeld alianzisha jarida la sayansi ya mambo ya kijinsia huko Ujerumani mwaka 1908, na mwaka 1919 akafungua taasisi yake mjini Berlin. Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wafuasi wa Nazi waliivamia na kuipora, na siku nne baadaye vitabu vyake vilichomwa moto hadharani. Huko Marekani, Alfred Kinsey wa Chuo Kikuu cha Indiana alitoa kitabu chake kuhusu wanaume mwaka 1948 na kile cha wanawake mwaka 1953, vyote kupitia mchapishaji wa vitabu vya tiba wa Philadelphia, ili vipokelewe kama sayansi. Majarida tunayoyategemea leo yalikuja baadaye: Family Process mwaka 1962, Archives of Sexual Behavior mwaka 1971, Journal of Sex & Marital Therapy mwaka 1974.

Kinsey ana funzo kwetu. Majibu ya watu aliyaandika kwa alama za siri ambazo ni wasaidizi wake wachache tu walioweza kuzisoma. Aliwahoji pia waume pamoja na wake zao, akalinganisha majibu yao ili apime kama watu wanasema kweli. Lakini kitabu cha kwanza kilisimama juu ya habari za wanaume wapatao 5,300, na cha pili juu ya wanawake wapatao 5,940. Katika majedwali ya ukubwa huo, hakuna mume anayeweza kumtafuta mkewe akampata. Wingi wa watu ulikuwa pazia tosha.

Sisi hatuna pazia hilo. Tafiti zetu nyingi ni za mahojiano ya kina na wanandoa kumi na tano, ishirini, thelathini, mara nyingi wa wilaya moja, pengine wa kituo kimoja cha afya. Na ripoti ya kisa, ambayo ndiyo makala rahisi kuliko zote kwa mshauri anayeanza kuandika, ina ndoa moja tu.

Msomaji aliye ndani ya nyumba

Mwaka 2004 Martin Tolich alichapisha makala katika jarida la Qualitative Sociology akitenganisha usiri wa aina mbili. Kuna usiri wa nje, yaani mgeni asiweze kumtambua mshiriki. Na kuna usiri wa ndani, yaani wale waliohusika pamoja wasiweze kutambuana ndani ya maandishi. Kamati za maadili hushughulika sana na ule wa kwanza. Wa pili hauna hata mstari kwenye fomu zao nyingi.

Tolich alikuwa na mfano ulio wazi. Carolyn Ellis aliandika kitabu kuhusu jamii mbili za wavuvi wa Ghuba ya Chesapeake, kikatoka mwaka 1986, majina yote yakiwa yamebadilishwa. Wavuvi wenyewe hawakuwa wasomaji wa vitabu vya sosholojia, na bila shaka hilo lilionekana kuwa kinga. Kisha akatokea mtu akawasomea. Wakajitambua, wakatambuana, wakaona mambo yao ya faragha yameandikwa na mtu waliyemkaribisha kama rafiki. Ellis aliporudi alikuta majeraha, naye baadaye akaandika kwa uwazi kuhusu hasira aliyoikuta.

Niulete nyumbani mfano huo, kwa kisa cha kubuni, lakini cha namna ninayokutana nayo ninapohakiki miswada. Mwandishi anaeleza: “Bi. A, miaka 34, mfanyabiashara wa vitenge katika mji mdogo wa kisiwani, ameolewa na nahodha wa jahazi. Wamekaa miaka tisa bila mtoto.” Jina limefichwa, kibali cha maadili kipo, namba ya kibali imeandikwa. Aya inayofuata inamnukuu Bi. A akisema kwamba hajawahi kuridhika na tendo la ndoa, na kwamba aliwahi kumwambia dada yake jambo ambalo mumewe halijui. Katika mji ule, ni manahodha wangapi wenye mke anayeuza vitenge na ambao hawajajaaliwa mtoto? Mtu wa London atasoma na kupita. Jirani atakisia. Nahodha hana haja ya kukisia.

Hatari inaongezeka pale makala inapomnukuu mume ukurasa wa nne na mke ukurasa wa tano, wote wawili chini ya alama moja, “Wanandoa wa 7”. Mume anayaona maneno yake mwenyewe, anayakumbuka, na papo hapo anajua maneno yaliyo mkabala nayo ni ya nani. Mtafiti amemkabidhi ufunguo kwa mkono wake. Liz Forbat na Jeanette Henderson waliandika juu ya mkwamo huu mwaka 2003, na nashangaa jinsi unavyotajwa kwa nadra katika miswada inayonifikia.

Zamani tulijifariji kwamba makala ziko kwa Kiingereza, kwenye majarida ya kulipia, na Bi. A hatakaa azione. Faraja hiyo haikuwa ya heshima hata wakati ule, na leo imekwisha. Makala nyingi sasa husomwa bure, zinafunguka kwenye simu, programu za tafsiri zinazigeuza kuwa Kiswahili kwa dakika moja, na kipande kilichopigwa picha kinasafiri kwenye makundi ya WhatsApp bila jina la jarida wala maelezo ya mbinu za utafiti.

Mstari mmoja, watu wawili

Wenzetu wa takwimu wasidhani hili ni tatizo la wenye mahojiano peke yao. Kwao linaweza kuwa baya zaidi, kwa sababu limejificha.

Uchambuzi wa data za wanandoa hutaka majibu ya mume na ya mke yaunganishwe, ili ionekane jinsi hali ya mmoja inavyomgusa mwenzake. Kwa hiyo faili hupangwa hivi: mstari mmoja ni ndoa moja. Upande wa kushoto kuna umri wa mume, elimu yake, mwaka wa ndoa, idadi ya watoto, alama zake za kuridhika. Upande wa kulia ni yale yale kwa mke, pamoja na majibu ya maswali ambayo wote wawili waliulizwa faraghani: umewahi kuwa na mwenzi mwingine, umewahi kulazimishwa, umewahi kupima bila kumwambia mwenzako.

Sasa faili hilo linawekwa mtandaoni kwa sababu jarida limetaka data ziwe wazi. Tangu mwaka 2014, kwa mfano, majarida ya PLOS yanadai data za makala zipatikane. Mume aliyeshiriki anajua umri wake, mwaka aliooa, idadi ya watoto wake, na anakumbuka baadhi ya majibu aliyotoa. Achuje kwa safu tatu tu, na mara nyingi atabaki na mstari mmoja. Ni wake. Akisogeza macho kulia, anasoma majibu ya mkewe.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa sisi ndio tumeichovya kata na kuiacha mlangoni.

Dawa ipo, na haivunji sera za majarida. PLOS wenyewe wanakubali kwamba data nyeti zinaweza kuhifadhiwa na kutolewa kwa maombi kupitia kamati au taasisi, ilimradi sababu ielezwe. Mtafiti anapaswa kuidai nafasi hiyo tangu barua ya kwanza kwa mhariri. Asisubiri kubanwa dakika za mwisho akiwa amechoka, makala imekubaliwa na kilichobaki ni kubofya kitufe. Sheria nazo ziko upande wake: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu hali ya ndoa na habari za familia kuwa data nyeti, na Tanzania ilitunga sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022.

Tuliyoyajua kuhusu kukusanya, tuyapeleke kwenye kuchapisha

Fani hii si kwamba haina busara. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mwongozo wa maadili kwa tafiti za ukatili majumbani, na utafiti wake wa nchi 10 uliochapishwa mwaka 2005 ulifuata misingi hiyo, Dar es Salaam na Mbeya zikiwamo. Katika kila kaya alihojiwa mwanamke mmoja tu. Utafiti ulitambulishwa mtaani kwa jina la afya na maisha ya wanawake, ili mume asijue mkewe anaulizwa nini. Mtu akiingia katikati ya mahojiano, mhoji alibadili mazungumzo. Kwa uangalifu huo wanawake walisema: asilimia 41 ya waliowahi kuwa na mwenzi Dar es Salaam, na 56 Mbeya, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi.

Takwimu hizo zilipatikana kwa sababu mtu alilindwa mlangoni. Naomba alindwe vivyo hivyo kwenye ukurasa.

Hapa nina neno kwa wajumbe wa mabaraza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya maombi ya talaka kufika mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kwa hiyo mabaraza ya kata, ya misikiti na ya makanisa yamesikia juu ya unyumba wa Watanzania mambo ambayo hakuna mtafiti aliyewahi kuyasikia. Ninyi mna elimu ambayo majarida yanaihitaji sana, na natamani muiandike. Lakini wale wawili walikuja kwenu kupatanishwa. Hawakuja kutafitiwa. Ruhusa waliyowapa ya kusikiliza haizai yenyewe ruhusa ya kuchapisha.

Uzito wa tofauti hiyo ulionekana mwaka 2023, pale kampuni ya uchapishaji ya Springer ilipoiondoa makala iliyokwisha kuchapishwa katika Archives of Sexual Behavior. Sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi waliojaza dodoso hawakuwa wametoa ridhaa ya maandishi ya kushiriki utafiti wa kitaaluma wala ya majibu yao kuchapishwa. Waandishi waliupinga uamuzi huo, na mjadala juu ya haki yake ulikuwa mkali. Hata anayewatetea waandishi anajua sasa kwamba mhariri anaweza kuuliza karatasi hiyo iko wapi.

Ninachopendekeza

Ridhaa ichukuliwe mara mbili, na kwa kila mwenzi peke yake. Ya kwanza ni ya kushiriki. Ya pili ni ya kuchapisha, nayo ichukuliwe baada ya mahojiano, mtu akishajua amesema nini. Aliyesaini kabla ya kusema ameridhia asichokijua.

Kabla ya mswada kutumwa, kila mmoja asomewe maneno yake atakayonukuliwa, kwa Kiswahili, akiwa peke yake, na aulizwe swali moja: mwenzako akiyasoma haya, itakuwaje? Nimeona swali hili likibadili nukuu ambazo mtafiti alidhani hazina madhara, na likipitisha nyingine alizoziogopa. Mwenye ndoa ndiye anayejua bomu limefukiwa wapi.

Katika maandishi, nukuu za mume na za mke zisipewe alama moja. Ikibidi kuonyesha kwamba zinapingana, zielezwe kwa ujumla wa kundi, au mwandishi aunganishe visa vya ndoa kadhaa na aseme wazi kwamba amefanya hivyo. Najua tunachopoteza. Ukurasa unaomweka mume na mke uso kwa uso, huyu akisema tunaelewana na yule akisema naishi kwa kuvumilia, ndio ukurasa mzuri kuliko yote katika tafiti zetu, na wahakiki huusifu. Nimeusifu mimi pia. Niko tayari kuukosa.

Wahariri wa majarida yetu waongeze swali kwenye fomu ya uhakiki: je, mshiriki mmoja anaweza kumtambua mwenzake katika makala au katika data? Mhakiki ajibu kwa maelezo, kwa sababu alama ya tiki haitamlazimisha kufikiri.

Limebaki la talaka. Utafiti hadi kuchapishwa huweza kuchukua miaka mitatu au minne, na ndoa nyingine hazifiki huko. Mmoja anaweza kurudi akasema: ondoeni maneno yangu, mambo yamebadilika. Mwenzake anaweza kutaka yabaki, pengine kwa sababu ndiyo ushahidi pekee kwamba alisikilizwa. Msimamo wangu ni kwamba anayetaka kutoka atoke na maneno yake, na simulizi ya anayebaki ichapishwe pale tu inapoweza kusimama bila kumfichua aliyetoka. Fomu iseme pia kwa lugha nyepesi kwamba mlango huo unafungwa siku mhariri anapoikubali makala, kwa kuwa baada ya hapo hakuna awezaye kuyarudisha yaliyokwisha kusambaa. Nimeleta nakala za fomu yenye vipengele hivyo vyote. Washauri waliotoka mabarazani naomba waanze kuikosoa wao, kabla ya wahadhiri.